Kutunza Baiskeli ya Mizigo: Maneno kwa Watu wa Masisi na Walikale



Mara nyingi sisi wamoniteri tunafika kwenu kusema juu ya mbegu, mistari ya kupandia na mashimo ya mbolea. Leo nataka kusema juu ya baiskeli, ambayo wengine wenu huiita kinga au velo. Labda mtauliza: «Moniteri wa kilimo ana shauri gani na baiskeli?» Jibu ni hili: kazi ya shamba haiishi shambani, inaisha sokoni. Maharagi yaliyovunwa vizuri kisha yakaoza njiani ni sawa na maharagi yasiyovunwa.

I. Baiskeli ni jembe la pili

Penye machimbo watu wengi hawalimi. Mtu anayeshinda katika shimo la koltani huko Rubaya, au katika shimo la kasiteriti ndani ya msitu wa Walikale, hula chakula kilicholimwa na mwingine. Watu wa Walikale wanaikumbuka Bisie. Wachimbaji walipoanza kujaa kule, karibu mwaka 2002, hapakuwa na barabara ya motokari. Mawe ya kasiteriti yalitoka kwa vichwa na migongo ya watu katika njia ya msitu, na unga, mchele na chumvi viliingia kwa njia ile ile. Kila kilo ililipiwa mara mbili: bei ya kitu, na jasho la aliyekibeba. Barabara ilitengenezwa miaka mingi baadaye, na mwaka 2019 mgodi wa kampuni ya Alphamin ulianza kutoa bati pale Bisie. Lakini vijiji vyetu vingi bado vina njia nyembamba tu.

Katika njia kama hizo mtu mwenye nguvu hubeba kilo 30 au 40 kichwani, na jioni shingo yake imekufa. Mtu yule yule akisukuma baiskeli nzuri hupeleka kilo 100 na zaidi. Tena baiskeli ndiyo inayompeleka mgonjwa kwenye nyumba ya dawa, na mama mwenye mimba siku yake inapofika. Kwa hiyo baiskeli ikiharibika si mwenyewe tu anayepata hasara. Nyumba nzima hupata hasara, na mara nyingine jirani pia.

Lakini kumbukeni neno moja: baiskeli ilifanywa kwa kuchukua mtu mmoja na furushi lake. Sisi tunaipa kazi ya punda. Punda akichoka hulala chini. Baiskeli hailali, hutoa sauti ndogo tu, na asiyesikia sauti ndogo atasikia kishindo.

II. Namna nilivyojifunza kwa hasara

Mimi mwenyewe sikusikia. Siku moja nilichukua mbegu za maharagi, magunia mawili, kuwapelekea watu waliozingoja kwa mvua za Septemba. Nilikuwa katika njia ya kutoka Nyabiondo kwenda upande wa Walikale. Asubuhi, nilipokuwa nikifunga magunia, nilisikia «ti!» katika gurudumu la nyuma. Nikatazama, nikaona spoki moja imekatika. Nikasema moyoni: «Ni moja tu, zingine ni nyingi.» Nikaenda.

Kabla ya saa sita spoki nne zilikuwa zimekatika, zote upande mmoja. Gurudumu likapinda kama mhogo uliokaushwa juani, likagusa fremu, likakataa kuzunguka. Mvua ikanyesha usiku kucha, nami nilikuwa na turubai dogo tu. Siku ya tatu, magunia yalipofika kijijini kwa vichwa vya watu, mbegu nyingi zilikuwa zimevimba na kuanza kuota. Watu hawakunitukana. Mzee mmoja aliingiza mkono ndani ya gunia, akanusa, akaniuliza: «Moniteri, tutapanda nini?» Mwaka ule walipanda kwa kuchelewa, kwa mbegu za kuazima.

Spoki moja ni uzi mwembamba wa chuma. Kwa uzi ule watu wale walipoteza sehemu ya mavuno yao. Ndiyo maana ninaandika maneno haya.

III. Nchi mbili, magonjwa mawili

Baiskeli ya Masisi na baiskeli ya Walikale haziugui sawasawa.

Masisi ni nchi ya milima. Mahali pengi panapita meta 2,000. Njia hupanda na kushuka, na anayeshuka kwenda Sake na mzigo hushika breki kwa muda mrefu. Huko breki huisha upesi, magurudumu hupata moto, na usukani hulegea kwa kupigwa na mawe.

Walikale iko chini, ndani ya msitu, penye joto na mvua nyingi. Huko ugonjwa mkubwa ni maji na matope. Maji huingia ndani ya kitovu cha gurudumu na kuosha mafuta. Kutu hula mnyororo. Matope yenye mchanga husaga vyuma kama jiwe la kusagia linavyosaga mtama.

Basi mtu wa Masisi atazame kwanza breki na usukani wake. Mtu wa Walikale atazame kwanza mafuta na mnyororo. Na anayetoka nchi moja kwenda nyingine atazame vyote.

IV. Mambo ya kutazama kabla ya kufunga mzigo

Kazi hii haipiti muda wa kuchemsha chai. Fanyeni kila asubuhi ya safari:

1. Bonyezeni mpira wa mbele na wa nyuma kwa dole gumba. Ukibonyea kwa urahisi, tieni upepo. Mpira laini chini ya mzigo hujibana juu ya jiwe na kutoboka matundu mawili kwa mara moja.

2. Inueni gurudumu na kulizungusha. Likienda huku na huku, limepinda. Lishikeni pia kwa juu na kulitikisa. Likicheza, koni zake zimelegea.

3. Gongeni spoki moja moja kwa kijiti. Iliyokaza hulia, iliyolegea hunyamaza.

4. Shikeni breki ya mbele kwa nguvu na kusukuma baiskeli mbele na nyuma. Mkisikia «ko, ko» katika shingo ya usukani, kazeni.

5. Shikeni nati zote za magurudumu na za keria. Nati moja ya keria ikianguka, mzigo wote hulalia upande mmoja.

V. Spoki

Baiskeli nyingi za mizigo za namna ya zamani zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko uzito uliko. Hesabuni za kwenu mzijue. Spoki hufanya kazi pamoja kama watu wanaobeba jeneza: mmoja akiacha, jirani zake huchukua sehemu yake, nao huchoka mapema. Ndiyo sababu spoki hukatika kwa kufuatana.

Spoki ikikatika njiani, ifungeni kwa jirani yake isikwame, punguzeni mzigo, endeni polepole mpaka kwa fundi. Spoki mpya lazima iwe na urefu na unene sawa na ya zamani. Pelekeni kipande cha zamani dukani. Ikiwa imekatika nyuma upande wa mnyororo, gurudumu la meno hutolewa kwanza kwa chombo chake maalum. Kazi hiyo mwachieni fundi.

Kunyosha gurudumu lililopinda kidogo mnaweza wenyewe. Pindueni baiskeli miguu juu. Shikeni kipande cha chaki karibu na ringi, zungusheni polepole; chaki itaandika mahali palipotoka nje. Kama pametoka upande wa kushoto, kazeni kidogo spoki za kulia za mahali pale, na kulegeza kidogo za kushoto. Kidogo maana yake robo ya mzunguko, si zaidi. Kisha zungusheni tena mtazame. Mwenye haraka hulipinda gurudumu kuliko lilivyokuwa.

VI. Mpira

Mpira wenye upepo ulioenea katika baiskeli ulitengenezwa na John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama aliyekaa Belfast, mwaka 1887. Alitaka mtoto wake aendeshe kibaiskeli chake bila kutikisika. Muda mfupi baadaye watu wa Ulaya na Marekani walitaka mpira kwa wingi, na utomvu wake ulitafutwa katika misitu ya Kongo. Siku za utawala wa mfalme Leopold wa Pili, kuanzia mwaka 1885 hata 1908, watu wengi walilazimishwa kuuchuma, wakapigwa, na wengi wakafa kwa ajili yake. Kwa hiyo mpira si kitu kigeni kwetu. Babu zetu waliulipia kwa damu. Haifai sisi kuutupa kwa sababu ya tundu moja.

Kuziba tundu ni hivi:

Toeni upande mmoja wa mpira wa nje kwa mikia ya vijiko viwili. Msitumie bisibisi, hutoboa tundu jipya. Vuteni mpira wa ndani, utieni upepo, uingizeni katika sufuria ya maji. Panapotoka mapovu ndipo palipotoboka. Wekeni alama.

Ukausheni vizuri. Sugueni mahali pale kwa msasa au jiwe lenye kukwaruza, mpaka pawe pa rangi ya majivu. Pakeni gundi nyembamba, pana kuliko kiraka. Sasa ngojeni. Hapa ndipo wengi hukosea: hubandika kiraka gundi ikiwa mbichi, nacho hutoka baada ya kilima kimoja. Ngojeni kama dakika tano mpaka gundi isishike kidole, ndipo mbandike na kukandamiza kwa nguvu. Kiraka kizuri chaweza kukatwa katika mpira wa ndani uliozeeka, mkikisugua nacho.

Kabla ya kurudisha, pitisheni vidole polepole ndani ya mpira wa nje. Mwiba au ukucha wa jiwe uliotoboa mara ya kwanza mara nyingi ungali pale, unangoja. Tieni upepo kidogo katika mpira wa ndani kabla ya kuuingiza, usijipinde.

Kama mpira hupungua upepo usiku nanyi hamwoni tundu, pakeni mate juu ya valvu. Mapovu yakitokea, ni valvu. Katika valvu za zamani kuna kijimpira chembamba ndani, huoza. Kibadilisheni tu.

Na mkikosa gundi njiani mbali na watu? Jazeni mpira wa nje kwa majani makavu ya migomba, mkiyabana sana, msukume polepole na mzigo mdogo. Si dawa, lakini mtafika.

VII. Mnyororo na mafuta

Wengi hupaka mnyororo mafuta ya mawese kwa sababu yako karibu. Yaacheni jikoni. Katika baridi ya Masisi huganda, na popote hushika vumbi na kuwa gundi. Tumieni mafuta ya mashine yaliyo safi.

Lakini kusafisha hutangulia mafuta. Kupaka mafuta juu ya matope ni kutengeneza tope la kusagia. Sugueni mnyororo kwa brashi au kitambaa chenye mafuta ya taa, ufuteni, uacheni ukauke. Kisha tieni tone moja katika kila kiungo, zungusheni pedali mara nyingi, na mwisho futeni mafuta yaliyobaki nje. Mafuta ya ndani hufanya kazi. Ya nje huita vumbi tu.

Mnyororo ukishikwa katikati upande wa chini uende juu na chini sentimeta moja au mbili. Ukilegea zaidi hutoka. Ukikaza sana hukatika na kuharibu kitovu. Kuujua uzee wake, pimeni viungo 24. Katika mnyororo mpya vina sentimeta 30 na nusu. Vikikaribia 31, ubadilisheni kabla haujala meno ya magurudumu, maana meno yana bei kuliko mnyororo.

Vitovu vya magurudumu vina gololi ndani, na gololi hutaka grisi. Katika msitu wa Walikale vifungueni mwisho wa kila majira ya mvua nyingi: osheni, hesabuni gololi, tupeni zenye madoa, tieni grisi mpya. Kazeni koni mpaka gurudumu lisicheze lakini lizunguke bila kusukumwa sana.

Neno moja la kukumbuka: pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume cha nati nyingine. Wengi wameharibu mkono wa pedali kwa kutokujua jambo hili dogo.

VIII. Breki

Kwa upande wa Masisi sura hii ni ya uhai. Breki mbaya haiharibu mzigo tu, huua.

Mipira ya breki iguse ringi tu, isiguse mpira wa nje. Iwe karibu na ringi, nafasi kama unene wa majani machache ya mgomba yaliyokunjwa. Ikiisha mpaka chuma kuonekana, msisafiri. Mafuta yakidondoka juu ya ringi, yafuteni kwa kitambaa chenye majivu makavu.

Ringi ikilowa, breki hukawia kushika. Wakati wa mvua anzeni kushika mapema, mbali na kona, ili maji yafutike kwanza. Katika mteremko mrefu msishike bila kuachia, kwa sababu ringi hupata moto na mpira wa ndani waweza kupasuka. Simameni, pumzikeni, gusieni ringi tone la maji, likichemka, ngojeni.

Na mwenye mzigo mzito asipande baiskeli katika mteremko. Ashuke, na mwenziwe ashike kamba nyuma. Aibu ya kutembea huisha mara ufikapo chini. Kilema cha mguu hakiishi.

IX. Kununua vipande

Msinunue kwa macho wala kwa jina. Chukueni kipande cha zamani mkilinganishe.

Juu ya mpira wa nje hasa kuna mtego. Mipira miwili yote yaweza kuandikwa 28, lakini mmoja hauingii katika ringi ya mwingine. Tafuteni ubavuni namba mbili zenye mstari katikati, kama 40-635 au 37-622. Ya kwanza ni unene, ya pili ni upana wa duara la ringi, zote kwa milimeta. Namba ya pili lazima iwe sawa kabisa na ya mpira wenu wa zamani. Mtu aliyenunua 622 kwa ringi ya 635 amenunua mkufu wa shingo.

Katika safari msikose vitu hivi: pampu, vijiko viwili, viraka na gundi, spana ya nati za magurudumu, spoki mbili, na kamba. Vyote huingia katika mfuko mmoja mdogo.

X. Neno juu ya chukudu

Siwezi kusema juu ya mizigo ya Kivu ya Kaskazini bila kutaja chukudu, kinga yetu ya mti, ambayo huko Goma ilipewa hata sanamu katika njia panda. Haina mnyororo wala upepo, lakini nayo hutaka matunzo. Magurudumu yake ya mti hufungwa ukanda wa mpira wa motokari uliochakaa. Ukanda ukichanika, mti huliwa na mawe upesi. Tazameni nyufa pale uma unaposhika gurudumu la mbele. Kipande cha mpira kinachokanyagwa kwa breki kibadilishwe kabla hakijawa chembamba. Na msiiache nje katika mvua. Mti hulowa, hukauka, hupasuka.

XI. Mwisho

Mtasema: «Maneno ni mazuri, lakini fedha hakuna.» Nawapa shauri moja. Kila mkirudi sokoni, kabla ya chumvi na sabuni, wekeni kando fedha kidogo katika kopo, nalo liitwe kopo la baiskeli. Tena nyumba tano au sita zenye baiskeli zaweza kununua pampu moja nzuri, spana na chupa ya mafuta, vikae kwa mtu mwaminifu anayeandika katika daftari nani amechukua na siku gani amerudisha. Chombo cha watu sita bila daftari hugeuka kuwa chombo cha mtu mmoja.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mimi nilidharau spoki moja, na watu wakakosa mbegu. Ninyi kesho asubuhi, kabla ya kufunga gunia la kwanza, chukueni kijiti na kugonga spoki zenu. Iliyonyamaza, msiiache.